Matundu Mawili

Mnunuzi amekuja toka Makambako na tochi,
mchana kweupe. Anataka trekta la zamani
lakini liwe kama lilivyozaliwa kiwandani.
"Kila bolti iwe yake," asema. "Nisione mkono wa mtu."

Tumelifunua. Kuku wawili wameshuka kwenye boneti.
Fagasoni ya kijivu, ingawa kijivu chenyewe
kimebaki kwapani tu, pale jua la Ismani lisipofika.

Fundi Kihwelo analizunguka, mikono nyuma,
kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.
Hagusi. Ananusa kwanza.
Kisha anaanza kusoma:

"Ekzosi hii si yake. Ni bomba la kisima,
limekunjwa kwa moto wa mkaa, na mtu mwenye haraka.
Mkono wa kunyanyulia jembe, springi ya Landrova.
Washa hii," anaipangusa kwa mate,
"ni senti kumi ya tundu. Jina la mfalme
limekaa hapa miaka yote likizuia nati isilegee."

Mnunuzi anaandika. Kila akiandika, bei inashuka.
Naisikia ikishuka.

Kihwelo amepiga magoti chini ya kiti.
Amekaa kimya muda wa kumenya muwa.
"Nani alikuwa akiliendesha?"

Baba, nasema. Kijiji kizima kinajua.
Ekari mia na ishirini, kifuku baada ya kifuku,
mpaka jina lake likasomwa ushirika
akapewa redio.

"Alikuwa na urefu gani?"

Aliinama kila mlango. Hata wa ghala.

Fundi anaweka kidole kwenye matundu mawili
yaliyotobolewa kwa keekee ya mkono, yamekwenda upande.
"Kiti kimesogezwa mbele. Shibiri nzima.
Na klachi imevishwa kiatu."
Kweli: kipande cha mninga, kimefungwa kwa waya,
kimelika katikati, kishimo cha kisigino
peku, chembamba.
"Mtu mrefu hapa? Magoti yangemgonga kidevu."

Na ile taa ya tatu, niliyodhani imelegea tu,
imechomelewa makusudi itazame chini, kwenye mtaro,
taa ya mtu anayelima usiku
asiyetaka kuonekana toka barabarani.

Kifuku ni msimu wa kulima.
Kifuku ndiko pia mianzi inakochuruzika,
na ulanzi wa asubuhi haungoji jioni.
Hili sijaambiwa na mtu. Nimelijumlisha sasa hivi,
nimeshika usukani.

"Na hii je?" Pete ya mnyororo wa jembe,
imechomelewa ndani ya madigadi ya kushoto,
inang'aa upande mmoja.
Kihwelo anakuna kichwa. Hajawahi kuiona.
"Kuna kitu kilifungwa hapa. Si kizito. Kinatikisika."
"Mbwa," asema mnunuzi, akaandika mbwa.

Mama Sekalinga yuko kizingitini na ungo wa maharage.
Tangu asubuhi hajainua uso.
"Beseni," asema.

Beseni la nini, mama?

"Lako. Ulikuwa hulali mpaka injini iwake."

Tochi ya mnunuzi bado inawaka juani, hakuna anayeiona.
Anauliza kama kiti kinaweza kurudishwa kilipokuwa.
"Kiti kinarudi," asema Kihwelo. "Matundu yatabaki."
Anataja nusu ya bei, halafu robo ya nusu anaiongeza,
sijui kwa huruma ya nani.

Mimi nimekwisha kupanda.
Nimekanyaga ule mninga kwa kisigino changu.
Kimezidi kidogo. Nimefuata miguu ya baba.

Mbona hukusema, mama? Miaka yote hii,
na redio ile juu ya kabati?

Anatoa jiwe kwenye maharage, analitazama, analitupa.
"Nani aliniuliza? Watu waliuliza mavuno."

Kuku mmoja amerudi kwenye boneti.